Nukta Iliyobeba Jina la Baba

Jina la baba sitaliandika hapa. Usilitafute, halimo. Kwetu mtu akishazikwa jina lake haliitwi tena, na ingawa mimi nimesoma hadi nikaota mvi, na Jumapili utanikuta kanisani Kitengela nimekaa viti vya mbele, katika jambo hilo mama alinishinda. Nilibishana naye, sikatai. Nilibisha kwa mdomo na kwa kununa, kisha nikashindwa, na haya ninayoandika ni habari ya jinsi nilivyoshindwa.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamifu, mambo ya rada. Nikisema rada, majirani zangu Kitengela walidhani nawasaidia polisi kukamata madereva wanaokimbiza magari barabara ya Namanga. Mmoja alikuwa akiniona tu, anapunguza mwendo, na alikuwa anatembea kwa miguu. Nilichoka kueleza. Rada yangu iko angani, kwenye setilaiti. Inarusha mawimbi yake chini, halafu inasikiliza yale yanayorudi. Haihitaji jua, wala mawingu hayaisumbui. Na kwa kuwa inapita juu ya mahali pale pale tena na tena, unaweza kulinganisha picha hii na ile, ukajua kama ardhi imeshuka, hata kama imeshuka kwa unene wa ukucha. Mimi nilitaka kujua hilo tu. Hivi visima vinavyochimbwa kwa mashine kila ploti, kuanzia Kitengela hadi Kajiado, maji yakinyonywa namna hii kila uchao, ardhi ya juu inabaki pale pale ama inazama polepole bila sisi kujua?

Shida ilikuwa nyasi. Nyasi huinama na upepo, hukauka, huliwa na ng'ombe, kwa hivyo mawimbi yanayorudi kutoka mbugani leo hayafanani na yale ya juzi. Picha yote inakuwa chengachenga za kijivu, huna pa kushika. Ndiyo maana tunaweka chuma. Unaunganisha bati tatu za alumini zikutane kama pembe ya chumba, sakafu na kuta mbili. Wimbi likiingia humo linagongagonga na kurudi lote lilikotoka. Kwenye picha, mahali pale panatokea nukta nyeupe, nyeupe kabisa katikati ya ule ukijivu, na nukta hiyo haihami.

Fundi wa mageti wa hapo Kitengela ndiye aliyenitengenezea. Nilimwambia kila pembe iwe mraba kamili, isipinde hata kidogo. Akapima, akapima tena, halafu akaniuliza kama anibandikie maua kwa juu, ama simba, kwa sababu wateja wake wote wanapenda simba. Nikamwambia setilaiti haijali simba. Alisikitika kweli. Yeye ndiye aliyeanza kuyaita madishi, na jina likakaa, ingawa si dishi na halishiki mpira wa Uingereza. Watu walikuja kuniuliza hilo pia.

Nilikuwa na madishi manne. Moja nyuma ya kanisa, moja shuleni, moja karibu na kisima njia ya Isinya, na moja kwa baba, ng'ambo ya mji wa Kajiado, pale tulipozaliwa. Msimamizi wangu wa masomo, mzee mpole lakini mkali kwa mambo madogo, alikataa nitumie namba. Alisema namba nitazichanganya, nilipatie kila dishi jina lake, na nikishalipatia nisilibadilishe hadi kitabu cha tasnifu kifungwe. Basi nikaandika Kanisa, nikaandika Shule, nikaandika Kisima. La nne nikaandika Nyumbani. Akalizungushia kalamu nyekundu.

"Nyumbani kwa nani?" aliniuliza. "Mtu akisoma hii akiwa Japani, ataelewa nini?"

Nikafuta Nyumbani, nikaandika jina la baba. Wakati ule niliona ni utani mzuri. Baba alikuwa mzima, anafuga, anagombana na majirani kuhusu nyaya za ua, na jina la mtu mzima mwenye afya unaweza kulipatia dishi bila kufikiri mara mbili.

Nilipoenda nyumbani nilimwambia. "Papa, nimekuweka kwenye ramani."

Alishtuka. Ramani kwetu si kitu cha kuchekea, ramani za kugawa mashamba zimeumiza watu. "Ramani gani?"

"Ya setilaiti. Hii dishi inaitwa jina lako."

Alisugua kichwa cha fimbo yake kwa kidole gumba. "Kwa hivyo huko ng'ambo mtu akisoma, anasema mimi."

"Anasema wewe."

"Na hata hanijui."

"Hata hakujui, Papa."

Akacheka hadi akakohoa. Halafu akaniambia nimletee kamba, mbuzi wasikaribie kitu chake.

Tangu siku hiyo dishi likawa lake. Sikumwomba. Asubuhi alilipangusa kwa shuka kuukuu, akatoa majani, akachokora kile kitundu cha chini cha kutolea maji kisije kikaziba. Mbuzi walipenda kulala ndani yake kwa sababu ya kivuli, na alikuwa na matusi maalum kwa ajili hiyo, ya Kimaa, ambayo siwezi kuyaandika katika kitabu cha watu wenye heshima. Alipeleka kigoda chake pale. Setilaiti ilipita jioni, ng'ombe wakiwa njiani kurudi, na dishi lilikuwa limeelekezwa magharibi lipokee mawimbi vizuri. Baba hakupenda hilo. Alisema kitu cha maana hakiangalii jua likilala, kinaangalia likitoka. Nilimwambia akamlaumu aliyerusha setilaiti. Lakini jioni ungemkuta pale, amekaa kando ya dishi, nao wote wawili wanaangalia machweo.

Mimi nilikuwa Kitengela, kwenye chumba changu cha kupanga, nashusha picha kwenye kompyuta kila zilipotoka. Nilikuwa naanza na Kajiado kabla ya kwingine kote. Nikiona ile nukta iko pale, nyeupe, nilijua baba ameamka, amepangusa, amefukuza mbuzi. Watu wengine hupiga simu kuuliza wazazi wao wameamkaje. Mimi nilikuwa naangalia picha kwanza, halafu napiga simu nikijua tayari.

Siku moja nukta ilikuwa imefifia. Haikupotea, lakini ilikuwa imepungua nguvu. Nikampigia.

"Papa, wiki hii kulikuwa na nini mbele ya dishi?"

"Mbele? Hakuna kitu."

"Nukta imefifia."

Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ni mimi nilisimama hapo."

"Ulisimama mbele yake?"

"Nilitaka inisalimie."

Nilimgombeza. Nilimwambia ameniharibia kipimo, kwamba hii si kamera ya harusi. Alisikiliza hadi nikamaliza. "Sasa," akasema, "umeniona ama hukuniona?"

"Nimeona kuna kitu kimesimama."

"Basi ni mimi," akasema, na nikasikia anacheka akiwa ameondoa simu sikioni.

Picha hiyo sikuifuta. Kitaalamu ningeifuta, ni kipimo kibovu. Niliiacha, na ninayo hadi leo.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Ng'ombe wetu wengi walikufa, na baba akaanza kukonda pamoja nao. Tulifikiri ni majonzi. Kumbe zilikuwa figo, na alikuwa akijua kwa muda, anakunywa dawa za miti na kutuambia ni uchovu. Tulimpeleka hospitali Kajiado, kisha Nairobi, kisha wakatuambia tumrudishe nyumbani, na mtu yeyote aliyewahi kuambiwa maneno hayo anajua yana maana gani. Wiki zile za mwisho alikuwa akiuliza kama dishi limepanguswa. Tulimwambia limepanguswa. Ndugu yangu mdogo alikuwa analipangusa, kwa kweli, kwa sababu mzee alikuwa akituma mtu mwingine kwenda kuhakikisha. Alifariki mvua zikianza, na nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu mikono yote miwili alikuwa ameishika mama.

Mazishi yalikuwa ya kikristo na watu walikuwa wengi. Ndugu yangu alichapisha karatasi za ibada zenye picha ya baba na jina lake kwa herufi kubwa. Mchungaji alilitaja jina hilo kila alipovuta pumzi. Mama alikuwa ametuambia asubuhi ile, "Litajeni leo. Litajeni mpaka mchoke. Mchanga ukishafunika, basi." Watu walipoondoka alipita kwenye viti, akaokota zile karatasi, zilizoanguka na zilizokaliwa, akazitia motoni chini ya sufuria ya chai. Ndugu yangu alifungua mdomo aseme kitu. Nikamkanyaga mguu.

Msalabani mama aliruhusu kuandikwa tu kwamba amepumzika. Nani amepumzika, msalaba hausemi. Kitambulisho chake tulikirudisha serikalini. Vyeti vyangu vina jina la ukoo, na hilo mama hana shida nalo, anasema halina mwenyewe, ni la wote. Lakini lile la baba mwenyewe, alilopewa akiwa mtoto, likaanza kutoweka mbele ya macho yetu. Tena lilikuwa pia neno la kawaida la Kimaa, la kitu cha kila siku pale nyumbani, ambacho sitakitaja maana ukikijua utalijua jina. Tangu siku ile mama hakitaji. Akikitaka anakionyesha kwa mdomo. Wajukuu waliona ni mchezo, na wao wakaanza kuonyesha kwa mdomo, na sasa hilo neno limekufa pale bomani kana kwamba halikuwahi kuwepo.

Lilibaki mahali pamoja tu, kwenye tasnifu yangu. Mama hakujua hilo, na mimi sikuona sababu ya kumwambia.

Mvua zile zilipokuwa zikiisha, nilifungua picha mpya na nikaona nukta ya baba imefifia. Nilifurahi. Najua vile inasikika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda wa kufumba na kufumbua nilifurahi, nikasema moyoni, huyu mzee amesimama mbele tena. Halafu nikakumbuka. Nilifunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sababu niliijua bila kwenda. Kitundu kimeziba, maji yamejaa, majani yameanguka. Hakuna mtu aliyekuwa anaenda pale tena. Tulikuwa tumekubaliana bila kuongea. Mimi mwenyewe, kutoka Kitengela si mbali, lakini kila Jumamosi nilipata jambo la kunizuia. Picha zikaendelea kuja, nukta ikaendelea kudhoofika, nami nikaendelea kuandika sura ya mwisho na kuchora grafu yake ikishuka.

Siku ya kutetea tasnifu jamaa wanaruhusiwa kuingia, na mama alikuja. Hajui Kiingereza. Alisema hawezi kukaa nyumbani huku mtoto wake anahojiwa na wanaume. Alivaa shanga zake nzuri na shuka ya samawati, akakaa safu ya nyuma kabisa, mkoba juu ya magoti, mgongo umenyooka. Mimi nilifikiri Kiingereza kitafunika kila kitu. Sikufikiri sawasawa. Jina la mtu halifunikwi na lugha yoyote.

Mtahini wa nje hakuwepo chumbani. Alikuwa nchi za mbali, uso wake kwenye skrini, sauti yake ikitoka kwenye spika za ukutani. Alikuwa mtu wa haki, na maswali yake yalikuwa ya haki. Alisema angependa tuzungumzie fulani. Hapa naandika fulani, lakini yeye alitaja jina la baba. Alilivuta katikati kidogo, kama mgeni, lakini lilikuwa ni lenyewe.

Aliuliza kwa nini fulani alidhoofika ilhali Kanisa na Shule zilibaki imara. Aliuliza fulani alianza kudhoofika lini hasa, na kama kulikuwa na dalili za mapema ambazo sikuziona. Aliuliza kama nilienda kumwangalia fulani mwenyewe au nilitegemea picha tu. Kiingereza kina neno la mtu na neno la kitu, naye alitumia la kitu, sina lawama naye. Lakini mama hakuwa na njia ya kujua. Alisikia spika za ukutani zikimwita mumewe.

Ilinibidi nijibu, na huwezi kujibu habari za fulani bila kumtaja fulani. Nikasema kwamba katika miezi ya mwisho fulani hakuwa na mtu wa kumwangalia. Ni sentensi ya kawaida kabisa, ya kitaalamu. Ilipotoka mdomoni nikaomba maji. Mtahini akasubiri kwa adabu. Halafu akauliza swali lake la mwisho: tukimwondoa fulani kabisa, je, matokeo yanasimama?

Nikasema yanasimama. Ni kweli, yanasimama. Ardhi karibu na Kisima inazama na kwa baba haizami, na hata bila nukta ya baba bado ungelijua hilo la Kisima. Niliposema hivyo niliona mama anainuka kule nyuma. Alikunja shuka yake vizuri, akafungua mlango taratibu usilie, akatoka.

Nilipita. Walinipa marekebisho madogo madogo, wakanipa mkono, msimamizi wangu akaniita daktari mbele ya watu na macho yake yalikuwa na machozi. Nilitabasamu ilivyotakiwa. Kisha nikatoka kumtafuta mama, nikamkuta amekaa kwenye ngazi za nje, kivulini. Alikuwa amevua shanga, ameziweka mkobani. Tuliongea Kimaa, maneno yake nayaandika kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

"Wamemaliza kumwita?" aliuliza bila kuniangalia.

"Yeyo, hawakumwita yeye. Ni lile dishi. Nilikuwa nimelipatia jina lake akiwa hai. Yeye mwenyewe alijua, alifurahi."

"Nilisikia jina, nakerai, mwanangu. Sikusikia dishi."

Nikakaa karibu naye.

"Yule mtu," akasema, "hakuna siku niliyomwita akakosa kuitika. Hata akiwa amenikasirikia, alikuwa anaitika kwanza ndipo anune. Leo ameitwa na wageni, tena na tena, ukuta mzima unamwita, na hawezi kuitika. Umemfanya aonekane mtu asiye na adabu."

Hilo liliniuma mahali ambapo mtahini hakufika. Na nikiumwa mimi huwa nakasirika, ni tabia yangu mbaya tangu utotoni. Nikamwambia kwamba jina hilo ndilo kitu pekee kilichobaki. Kwamba yeye amechoma karatasi zote, amekataza lisiandikwe msalabani, amewafundisha watoto kuonyesha kwa mdomo. "Unataka nibaki na nini?" nilimuuliza. "Kila mtu akifa kwetu anafutwa kabisa, halafu tunakaa tunaangaliana."

Hakupandisha sauti. "Unafikiri mimi sitaki kumwita?" akasema. "Wewe ulikuwa unamwita Papa, na Papa bado unalo, hakuna aliyekunyang'anya. Mimi nilikuwa namwita kwa jina. Kila jioni mdomo wangu unalishika, halafu nalimeza. Kila jioni. Nami nikiweza kulimeza, wewe na hiyo redio yako mnashindwa na nini? Litoe."

Nilimsindikiza hadi kwenye gari la Kajiado, tukaagana kwa mkono, baridi, kama watu waliokutana ofisini.

Msimamizi wangu nilipomweleza, alivua miwani akafikiri. Alisema jina linaweza kubadilishwa, kitabu hakijafungwa bado. Lakini akaniomba nitafakari. Kitabu kitakaa maktaba, alisema, kitakuwa bado pale mimi na yeye tukiwa tumesahauliwa. Nadhani alitaka kunifariji. Alinitia majaribuni. Nikarudi Kitengela nikafanya marekebisho mengine yote, mikato, vituo, marejeo, lile la jina nikaliacha. Nilikuwa nimenuna, na mtu mzima aliyemnunia mama yake hana raha popote, hata chai haina ladha.

Utafiti ukiisha madishi hung'olewa. La kanisani nilimwachia mchungaji, akaligeuza sijui kitu gani cha kuku. Mwishowe ikabaki zamu ya lile la Kajiado, na sikuwa tena na kisingizio.

Nilifika alasiri. Lilikuwa kama nilivyojua litakuwa. Maji meusi yamejaa kwenye pembe, majani yameoza, udongo umeganda, nyasi zimepanda hadi mbele. Kigoda cha baba kilikuwa pale pale, mguu mmoja umeliwa na mchwa. Nilitafuta kijiti nikachokora kitundu, maji yakaanza kutoka kidogo kidogo, halafu kwa wingi, yakanilowesha viatu. Nikavua kitambaa cha kichwa nikapangusa bati zote tatu. Sijui kwa nini nilipangusa kitu nilichokuja kung'oa.

Mama alikuwa amekuja bila mimi kumsikia. Alisimama mbali kidogo, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kufika pale tangu mazishi. Ng'ombe wachache waliobaki walikuwa wanarudi, vumbi lao liko nyuma ya zizi.

"Linaona saa hizi?" akauliza.

Nikaangalia saa, nikahesabu siku. "Karibu lione. Leo ndiyo siku yake."

Alikuja polepole akapita kigoda bila kukigusa. Akaenda akasimama mbele ya dishi, mbele kabisa, akiangalia machweo. Sikumgombeza. Nilikuwa upande, nikamwona uso nusu. Nikaona midomo yake inafunguka, inachukua umbo la jina la baba, umbo ambalo ningelijua popote. Inalishika. Halafu koo likashuka, akameza. Hakutoa sauti hata kidogo. Akabaki amesimama hapo mpaka nikamwambia, "Imepita, Yeyo."

Sikuwa na hasira tena baada ya hapo. Niliitafuta na sikuipata. Nilikuwa nimekaa miezi nikidhani yeye halitaki jina, kumbe alilibeba mdomoni siku zote, na mimi nimelibandika kwenye majedwali litamkwe na kila apitaye.

"Niandike nini badala yake?" nilimuuliza tukirudi.

Alifikiri kidogo. "Andika Zizi," akasema. "Liko karibu na zizi. Si uongo."

Nilifanya kazi hiyo Kitengela, siku ya Jumamosi mchana, kwaya ikifanya mazoezi upande wa pili wa ukuta. Ningeweza kubadilisha yote kwa amri moja, kompyuta hufanya hivyo kwa kufumba jicho. Nilikataa. Nililitoa kwa mkono. Lilikuwa kila mahali, kwenye sura zote, kwenye majedwali, chini ya michoro, juu ya ramani, kwenye majina ya mafaili. Lilikuwa hata ndani ya programu nilizoziandika mwenyewe miaka ya mwanzo, ambamo nilikuwa nimeiamuru kompyuta imsome fulani, imsubiri fulani, na fulani asipopatikana isimame iniambie. Hapo nilikaa kidogo. Kisha nikaendelea. Kila alipokuwa baba nikaandika Zizi.

Nilipodhani nimemaliza ilibidi nihakikishe, na njia ya kuhakikisha ni moja tu. Unaliandika jina kwenye kile kisanduku cha kutafutia, na kompyuta inapekua kila ulichonacho. Kwa hivyo niliandika jina la baba, lote, nikabonyeza. Ilipekua kwa muda mrefu. Kwaya ilimaliza wimbo ikaanza mwingine. Halafu ikanijibu kwamba haikupata kitu chochote chenye jina hilo.

Lilikuwa limebaki pale kwenye kisanduku, nilipoliandika mimi mwenyewe. Nililia, na sioni haya kusema. Nililisoma kimya, midomo ikitembea kama nilivyoona kwa mama, nikameza. Halafu nikalifuta, herufi moja moja kutoka nyuma, mpaka likaisha.